Rangi Mbili

Nilisema sinunui kitu, hata uzi.
Januari ilikuwa imetufungia ndani kwa theluji,
barabara ya Altona haionekani, posta haiji,
na chini ya ngazi, kwenye ghala la viazi,
masanduku saba ya vitambaa yalinitazama
kama watoto walioahidiwa safari.

Buluu na nyeupe, basi.
Nikayapindua juu ya kitanda.
Buluu ya ovaroli za Cornelius: magoti yamekwisha,
ila chini ya mifuko bado kuna giza la upya wake.
Buluu ya mapazia tuliyohama nayo kutoka Gretna.
Buluu ya gauni la Marlies la darasa la nne,
lenye doa la wino lililomliza mama, si mwana.
Nyeupe ya mifuko ya unga; herufi za kinu zimefifia,
lakini ukiuinua dirishani bado unasoma: ratili mia moja.
Nyeupe ya kitambaa cha meza kilichoonja pasi.

Nikakata, inchi tatu kwa tatu.
Hakuna buluu iliyofanana na mwenziwe.
Ndivyo nilivyotaka:
ukoo, si jeshi.

Habari ya macho sikumwambia mtu.
Taa zilikuwa zimeota manyoya.
Mistari ya Zaburi ilitambaa kama siafu.
Uzi niliulowesha kwa ulimi, tundu la sindano nikalibahatisha,
mishono nikaihesabu kwa ukucha, kumi kila inchi,
na pale jicho liliposhindwa, kidole kilitoa ushahidi
kwa tone la damu, nikalifuta kwa mate.
Damu yako huisikia mate yako.
Mshonaji yeyote atakwambia.

Machi, daktari wa Winnipeg akasema: mtoto wa jicho.
Nilizaa wanne.
Hawa wawili walikuja bila kualikwa,
kila mmoja na chumba chake.
Wa kulia akatolewa Jumanne, wa kushoto baada ya wiki tatu,
nikarudi nyumbani nikaiona mikono yangu.
Ya nani hii, mikongwe hivi?
Nikaona vumbi. Nikaona anga,
nikamgombeza Marlies kwa kutoniambia
kwamba muda wote ilikuwa hivyo.

Mfarishi ulishakwenda kanisani,
umekunjwa, umepewa namba: arobaini na moja.

Juni. Ukumbi unanuka soseji na mkate wa siagi.
Abe Klippenstein akapanda jukwaani.
Vijana wawili wakaushika pembe, wakauinua,
jua la dirishani likapita katikati yake.

Mungu wangu.

Safu ya tatu, kiraka cha nne: kijani.
Wala si cha kuulizana. Kijani cha njegere,
kijani cha trekta lililotoka dukani jana.
Chini yake zambarau. Na nyeupe moja, pembeni,
ya waridi kama ufizi wa kichanga.

"Dola mia mbili!" Abe akanadi.
Mkono wangu ukapaa wenyewe.
Marlies akanivuta sketi: Mama, huo ni wako!
Ndiyo maana, nikasema. Mia tatu. Mia nne na nusu.
Nyuma kabisa, Jacob Hiebert, wa ng'ombe wa maziwa,
kofia magotini, hatabasamu,
anainua kidole kama mtu anayeomba chumvi.
Mia sita.
Pochi yangu ikaketi.

Nikamfuata mpaka kwenye gari lake.
Mfarishi ulikuwa kiti cha mbele,
umefungwa mkanda kama abiria.
Bwana Hiebert, nikasema, nina mkasi na sindano mkobani,
nipe nusu saa nikifumue kile cha kijani.
Akautazama. Akainama, akautazama tena,
kwa subira ya mtu anayetafuta ndama kwenye ukungu.

"Kijani gani?"

Nikamwangalia machoni.
Mboni zake zilikuwa na utando wa maziwa,
nikamtambua yule mtoto.
Mkasi nikaurudisha mahali pake.

"Hapana, nimekosea. Ni buluu na nyeupe," nikasema.
"Lakini muite mwanao aendeshe."